Usikope Ili Uweke Akiba

*Shangazi, nina miaka 34, naishi Bombolulu, Mombasa, na nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara wangu ni 90,000 kabla ya makato. Mkononi nabaki na kama 64,000. Mwaka 2023 ajenti alikuja ofisini akatuambia tukijiunga na mpango wa pensheni wa mtu binafsi tutapunguziwa ushuru. Nikajiunga. Mwaka huo nililipa 15,000 kwa miezi minane, kwa M-Pesa. Mwaka 2024 mdogo wangu aliingia chuo na mama akaugua, nikalipa miezi mitano tu. Mwaka 2025 niliteremsha hadi 10,000, nikalipa miezi mitatu. Mwezi ukinishinda huwa nakopa kwa simu nilipe mchango, sipendi kuona pengo kwenye taarifa. Sasa deni la simu limefika 38,000 na mume wangu hajui. Yeye anasema pensheni ni pesa ya kufungwa, niitoe tununue kiwanja Mtwapa. Na huo ushuru sijaona ukipungua hata senti. Kwenye P9 yangu safu ya pensheni ina NSSF tu. Nizitoe zote, niendelee, au niache zilale hukohuko? — R.M., Bombolulu*

R. mwanangu, pole kwa mzigo. Mwanamke wa miaka 34 anayechangia nyumba yake, anayemuuguza mama, anayemsomesha ndugu, na bado akapata nafasi ya kuuwaza uzee wake, huyo si mzembe hata kidogo. Barua za pensheni hunijia nyingi, lakini wengi wanaoniandikia wana miaka 57 au 58, barua ya kustaafu iko mkononi na benki hakuna kitu. Hao huwa sina la kuwapa ila faraja. Wewe umeniandikia mapema, na yako yanatengenezeka.

Nitakujibu kwanza, maelezo yafuate. Usizitoe, wala usiendelee kama ulivyokuwa ukiendelea. Maliza deni la simu, kisha urudi kuchanga kiasi kidogo kuliko ulichozoea, kikatwe ofisini kabla mshahara haujaingia benki. Na tabia ya kukopa ili ulipe mchango ikome leo hii.

Ajenti alisema kweli, ila alisema nusu

Habari ya ushuru si uongo. Sheria ya Kenya inamruhusu mfanyakazi achange kwenye mfuko wa pensheni uliosajiliwa, na mchango wake utolewe kwenye mshahara kabla ya PAYE, yaani ushuru wa mshahara, kupigiwa hesabu. Kuna vipimo vitatu, na kinachoshika ni kilicho kidogo kuliko vyote: kiasi ulichochanga hasa, asilimia 30 ya mshahara wako, au dari iliyowekwa na sheria. Dari hiyo ilikaa kwenye 20,000 kwa mwezi kwa miaka mingi; tangu tarehe 27 Desemba 2024 ni 30,000. Ukiifungua P9 yako, ile fomu ya makato ya mwaka, utaiona herufi E imegawanywa vijisafu vitatu, E1, E2 na E3. Ndivyo vipimo vyenyewe hivyo.

Tukipime chako. NSSF sasa inachukua asilimia 6 ya mshahara, na tangu Februari 2026 inahesabiwa hadi mshahara wa 108,000. Kwa 90,000 yako inakatwa 5,400, nayo inaingia ndani ya vipimo hivyohivyo. Asilimia 30 ya mshahara wako ni 27,000. Toa 5,400, umebakiwa na nafasi ya 21,600 kila mwezi. Sikutajii hiyo ili uijaze. Nakutajia ili ujue kwamba hata ulipokuwa ukijibana kwa 15,000 ulikuwa ndani ya haki yako, wala hukuzidisha.

Sasa faida yake. Zikishatolewa NSSF, bima ya afya ya SHIF na makato ya nyumba za bei nafuu, sehemu ya juu ya mshahara wako inaangukia daraja la asilimia 30. Kwa hiyo kila 1,000 unayochanga kwa njia inayotambulika inakupunguzia ushuru wa 300. Ukichanga 5,000, kinachotoka mfukoni mwako ni 3,500. Ile 1,500 ni ushuru ambao ungelipa kwa vyovyote. Zaidi ya hapo, faida inayopatikana ndani ya mfuko uliosajiliwa haitozwi ushuru mwaka baada ya mwaka, ilhali riba ya mfuko wa soko la fedha (MMF) unaowekea kwa simu hukatwa asilimia 15 kabla hujaiona. Na mwishoni, tangu mabadiliko ya Desemba 2024, mafao unayochukua baada ya kufika umri wa kustaafu, au kwa sababu ya ugonjwa, au baada ya kuwa mwanachama miaka 20, hayatozwi ushuru. Umepunguziwa wakati wa kuweka, umeachwa ukue bila kukatwa, na unachukua bila kukatwa. Aina za akiba zenye nafuu zote tatu hizo ni chache sana.

Nusu ambayo ajenti hakuisema ni kwamba punguzo halijileti lenyewe. Mwajiri hukata PAYE kwa anayoyajua. Wewe ulilipa kwa simu yako, ukiwa nyumbani, jioni. Mhasibu wa mishahara hana habari kwamba una mfuko mwingine. Kila Juni ukawa unainakili P9 ya ofisini kwenye ritani kama ilivyo, na humo mlikuwa na NSSF tu. Ndiyo maana hujaona senti ikipungua. Miaka mitatu, mwanangu, pesa yako imefungwa na wewe hujapokea kile ulichokubali kufungiwa.

Kidai kilicho chako

Hili halijapotea. Mwaka 2023 ulichanga 120,000, mwaka 2024 ni 75,000, mwaka 2025 ni 30,000. Jumla 225,000. Ikiwa miaka hiyo yote mshahara wako ulikuwa kwenye daraja lilelile, ushuru uliolipa zaidi ni 67,500. Soma tena hiyo namba, kisha itazame 38,000 inayokukosesha usingizi.

Andikia wasimamizi wa mfuko wako wakupe cheti cha michango ya kila mwaka, kila mwaka na chake, kikiwa na namba ya usajili wa mfuko. Wana wajibu wa kukupa. Ukishavipata, ingia iTax uzirekebishe ritani za miaka hiyo: sheria inaruhusu ritani kurekebishwa ndani ya miaka mitano, kwa hiyo hata ile ya 2023 bado iko ndani. Michango unaiandika pale panapoulizwa michango ya pensheni, ukiijumlisha na NSSF uliyokatwa. Mfumo ukionyesha kwamba umelipa zaidi, unaomba kurudishiwa. Kama mambo ya kompyuta yanakupa kiwewe, beba vyeti vyako uende dawati la KRA pale Huduma Centre, ukasaidiwe na watu ambao kazi yao ni hiyo.

Vijana wa saiba wanaokuambia "mama, tuandike 200,000 upate nyingi", waepuke. Cheti ndicho kinachosema. Ukidai ambacho hukuchanga, siku ya kuulizwa utakuwa peke yako, yule kijana ameshahama duka. Tena marejesho huchukua muda wake. Usiiahidi pesa hiyo kwa mtu wala usiipangie karo. Ikija, imekuja.

Deni la simu

Hapa nitakuwa mkali kidogo, nivumilie.

Nikiisoma barua yako naona mtu anayependa utaratibu, anayeudhika na pengo kwenye karatasi. Tabia hiyo ni njema. Lakini imekufikisha mahali pa kuchukua pesa ghali zaidi iliyopo mjini na kuipeleka mahali ambapo huwezi kuigusa hadi uzeeni. Chukua mfano wa mkopo wa simu unaotoza asilimia 8 kwa mwezi. Ukikopa 10,000 kulipia mchango, mwezi ukiisha unadaiwa 10,800. Ukiusongeza mbele kwa kukopa kwingine, miezi mitatu baadaye gharama imepita 2,500. Mfuko wako wa pensheni ukikupa asilimia 8 kwa mwaka mzima unashukuru Mungu. Mmoja anatoza kwa mwezi, mwingine anakulipa kwa mwaka, na wewe uko katikati unawahudumia wote wawili. Kama angalau ungekuwa unalipata lile punguzo la asilimia 30, ungeweza kujitetea mwezi wa kwanza. Hukulipata.

Na gharama si riba tu. Ukichelewa, jina linapelekwa CRB, kwenye rekodi za wadaiwa. Siku utakayohitaji mkopo wa maana, wa SACCO au wa benki, kwa mama kufanyiwa upasuaji au kwa nyumba, utakuta jina lako limeharibiwa na vijideni vya 5,000. Nimewapokea hapa watu wenye mishahara mizuri kuliko wako waliokwama kwa namna hiyohiyo, na hakuna hata mmoja aliyekopa kwa starehe. Wote walikuwa wakiziba.

Pengo kwenye taarifa ya pensheni halimuumizi mtu. Mpango wa mtu binafsi umetengenezwa kwa kujua kwamba watu huugua, hufukuzwa kazi, huzaa. Ukiacha miezi minne, pesa uliyokwisha weka inaendelea kukaa na kukua. Hakuna anayekuja kukugongea mlango. Mkopo wa simu ndio wenye watu wa kugonga.

Kwa hiyo miezi hii, usichange hata shilingi. Zile 10,000 ulizokuwa ukilazimisha ziende pensheni, zielekeze zote kwenye deni, ukianza na mkopo unaotoza zaidi. Ukikaza, miezi minne hadi mitano umemaliza. Dawa ya deni ni kulipa, na sijapata kusikia nyingine. Na usijione umeuacha uzee wako uchi kwa muda huo: NSSF inakukata 5,400 na mwajiri anaongeza 5,400 nyingine. Hiyo ni 10,800 inayoingia kila mwezi bila wewe kukumbuka.

Kabla ya kurudi pensheni

Deni likiisha, usikimbilie mfuko. Kilichokusukuma kukopa ni kwamba huna pesa ya karibu. Mama aliugua, ndugu akaingia chuo, na kila shilingi uliyokuwa nayo ilikuwa imefungwa mahali pa mbali. Tenga basi miezi kadhaa ya kuweka zile 10,000 mahali unapoweza kuzichukua kwa siku mbili tatu, iwe MMF iliyosajiliwa au akaunti ya akiba, hadi zifike angalau matumizi ya mwezi mmoja wa nyumba yako. Ndiyo, riba yake itakatwa ushuru. Kubali. Ushuru mdogo juu ya pesa unayoweza kuifikia usiku mama akipelekwa hospitali ni bei ya haki.

Wako watakaokwambia unapoteza punguzo kwa miezi hiyo. Wanasema kweli kwa hesabu ya kalamu. Lakini nimeishi nikaona kwamba anayefunga pesa kabla ya kuwa na akiba ya dharura huishia ama kukopa ama kuvunja mfuko kwa hasara, na wewe umeshaonja la kwanza.

Kiasi gani?

Kosa la mwaka 2023 lilikuwa la kipimo. Ulichagua 15,000 ukiwa na ari, mwezi ambao hakuna aliyekuwa mgonjwa. Mchango wa kila mwezi haupimwi kwa mwezi mzuri. Upime kwa Januari, karo zimetoka, sikukuu zimepita, kodi ya nyumba inangoja. Kiasi ambacho ungeweza kukilipa Januari bila kukopa, hicho ndicho chako. Kwa unavyonieleza, mimi naona 5,000. Kwa punguzo, utaihisi kama 3,500.

Najua inaonekana ndogo. Hebu tupige hesabu, tukichukulia kwa mfano tu kwamba mfuko unakua asilimia 8 kwa mwaka. Hakuna anayeweza kukuahidi hivyo, kuna miaka itakayozidi na itakayopungua. Shilingi 5,000 kila mwezi bila kukosa kwa miaka 20 ni 1,200,000 ulizochanga, lakini mfukoni mngekuwa na takriban milioni 2.9. Ukianza miaka mitano baadaye, ukachanga miaka 15, unapata takriban milioni 1.7. Umeacha kuchanga 300,000 tu, ila pungufu ni kama milioni 1.2. Ile miaka ya mwanzo ndiyo yenye kazi kubwa, kwa kuwa ndiyo yenye muda mrefu wa kuzaa. Kwa sababu hiyo 5,000 isiyokatika inanipendeza kuliko 15,000 ya miezi mitano na kimya cha miezi saba. Mshahara ukipanda, pandisha mchango mwezi huohuo, kabla nyumba haijazoea nyongeza.

Tena usiitegemee nia yako. Angalia chama chako, kama unacho. Hukosi kulipa, kwa sababu wenzako watakuuliza. Pensheni haina wenzako wa kukuuliza, na ndiyo maana ilikuwa ya kwanza kuachwa kila jambo lilipotokea. Mwandikie mwajiri barua fupi, uambatanishe cheti cha uanachama na akaunti ya mfuko, umwombe akate 5,000 kwenye mshahara na kuipeleka moja kwa moja. Hapo punguzo linaingia mwezi huohuo kwenye PAYE, huna haja ya kungojea Juni wala marejesho. Kampuni ikikataa, iagize benki yako itoe kiasi hicho siku inayofuata mshahara, na kila mwaka udai kwa cheti.

Baada ya mwezi wa pili, weka karatasi mbili mezani: hati ya mshahara na taarifa ya mfuko. Iliyokatwa huku lazima ionekane imeingia kule. Wako waajiri wanaokata na kuchelewa kupeleka, na mfanyakazi hugundua siku ya kuondoka.

Kiwanja cha Mtwapa

Mumeo hakosei kuuogopa mlango uliofungwa. Pesa hii imefungwa kweli. Umri wa mapema kabisa wa kustaafu kwenye mifuko hii ni miaka 50. Kabla ya hapo kanuni zinakubana kiasi unachoweza kuchukua, na unachochukua mapema kinatozwa ushuru. Hata ukifika umri, kama mpango wako ni wa pensheni, unaruhusiwa kuchukua theluthi moja taslimu, na iliyobaki inakuja kama malipo ya mara kwa mara. Anayetaka pesa yote siku moja ajue hilo mapema. Nalo linanipa moyo kuliko kunitia hofu, kwa sababu nimeona viinua mgongo vilivyoisha kwa harusi moja na gari moja.

Lakini kuvunja mfuko kwa ajili ya kiwanja silikubali. Kwanza, ukitoa leo unatoa kilichokatwa ushuru. Pili, wewe na mimi ni watu wa Pwani, tunajua kiwanja cha Mtwapa kinaweza kuwa na wenyewe watatu, na hati moja isiyo ya yeyote kati yao. Tatu, kiwanja hakikatwi kipande kikalipa bili ya hospitali. Unauza chote au huuzi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao hapa ni mfuko ambao tayari una 225,000 yako na faida zake.

Kama haja yenu ni nyumba, mweleze mumeo kwamba kanuni za mwaka 2020 zinamruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yake, isizidi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Na hadi asilimia 60 inaweza kuwekwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Ni nyumba, si kiwanja kitupu. Kwa hiyo mfuko ukikua, mlango huo upo. Kiwanja kikibaki kuwa ndoto yake, fungueni chungu chake pembeni, mchange wote wawili, mfanye upekuzi wa hati kabla ya kutoa amana, na hati iandikwe majina mawili.

Mambo mawili ya kukagua

Hakikisha mfuko wako umo kwenye orodha ya RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni, na uulize ada wanazotoza kwa mwaka. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5, mfuko unaokupa asilimia 8 ukakata ada nene umekuachia kidogo sana. Una haki ya kuhamia mfuko mwingine uliosajiliwa. Huhitaji kuvunja ili uhame.

La pili ni jina. Ulipojiunga ulijaza fomu ya mrithi. Uliandika nani? Hukunieleza uliolewa lini. Mama mmoja aliwahi kunijia, mume amefariki, na kwenye fomu kulikuwa na jina la kaka wa mume, kwa sababu marehemu aliijaza akiwa kijana asiye na mke. Wadhamini wa mfuko huanza na fomu hiyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila watoto walisumbuka. Omba fomu mpya, ujaze unaowataka leo, na ubaki na nakala.

Mumeo

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo utakalotaka kuliruka. Deni la 38,000 mwambie wiki hii. Usimwambie akiwa ametoka kazini na njaa, wala kwenye simu. Akiuliza kwa nini ulificha, mjibu kweli: uliogopa ataona alikuwa sahihi kuhusu pensheni. Huenda akaudhika siku mbili. Atakayeudhika zaidi ni yule atakayesikia habari hizi kwa ujumbe wa mkopeshaji, na wengine wao huwapigia jamaa za mdaiwa. Usimpe nafasi hiyo.

Usiende kwake na deni peke yake. Nenda na namba zote: 38,000 unazodaiwa, miezi minne hadi mitano ya kulipa, 67,500 unazokwenda kuzidai, 5,000 itakayokatwa ofisini. Mkimaliza yako, mwombe alete P9 yake naye muitazame safu ya E. Akiwa ameajiriwa na anakatwa PAYE, upo uwezekano mkubwa kwamba humo namo mna NSSF tu, na kama kuna mfuko mwingine aliokuwa akiuchangia kwa simu yake kimyakimya, mnaweza kuvipeleka vyeti vyenu Huduma Centre asubuhi moja.